Mwacheni Ameze Dawa Zake, Mwacheni Anyanyue

Upo uongo ulioota mizizi katika viwanja vya mazoezi vya nchi hii, kuanzia jimu za kulipia za Dar es Salaam hadi vibanda vya mabati vya mikoani ambamo vijana hunyanyua ekseli za gari na makopo yaliyojazwa zege. Uongo huo una sura mbili. Sura ya kwanza husema: mtu anayetumia dawa za maradhi ya akili anatumia dawa za kuongeza nguvu, hivyo akishindana anadanganya. Sura ya pili husema: mtu huyo amedhoofishwa na dawa, tena ni hatari, hivyo asikaribie chuma. Ndugu msomaji, utaona mara moja kwamba sura hizi zinapingana. Dawa ileile haiwezi kumpa mtu nguvu asizostahili na papo hapo kumnyang'anya nguvu alizokuwa nazo. Hata hivyo sura hizi mbili zimekaa nyumba moja miaka mingi bila ugomvi, kwa sababu zote huzaa ushauri mmoja: "Achana na hayo madawa, utakuwa sawa."

Ninaandika kuupinga ushauri huo. Ni batili kwa kanuni za michezo, ni batili kwa elimu ya tiba, na unakwenda kinyume na misingi ya sheria ambazo nchi yetu imezikubali. Lakini hayo yote ni madogo mbele ya jambo moja: ushauri huo unaangamiza watu.

Tumchukulie kijana wa kubuni, mkazi wa kata ya Miembeni katika Manispaa ya Bukoba, mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 28. Ana kifua kipana na mgongo wa kubeba magunia, na idara yake imemteua katika timu ya kuvuta kamba itakayokwenda kwenye michezo ya SHIMIWI. Kila mwezi huchoma sindano hospitalini na kila usiku humeza vidonge viwili, kwa sababu miaka mitatu iliyopita aliugua, akasikia sauti zisizosikiwa na wengine, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini. Siku moja mwenzake wa timu anaona pakiti ya vidonge mfukoni mwa begi lake. Kesho yake timu nzima inajua. Mwalimu wa timu anamwita pembeni, kwa nia njema kabisa, na kumwambia asimamishe hizo dawa hadi mashindano yaishe, kwani zinamlegeza.

Kijana anatii. Na hapa ndipo mtego ulipo: siku za mwanzo anajisikia vizuri zaidi. Usingizi mzito wa asubuhi unaondoka, mikono haitetemeki, miguu imekuwa myepesi, anavuta kamba kama trekta. Mwalimu anajisifu. Wenzake wanasema, "Si tulikwambia?" Hakuna anayejua kwamba wepesi ule ni madhara madogo ya dawa yakiondoka, na kwamba kinga iliyokuwa imeuzuia ugonjwa inaondoka pamoja nayo. Wiki au miezi michache baadaye ugonjwa unarudi, na mara nyingi hurudi wakati kombe limekwisha kuwekwa kabatini na mwalimu yuko kwenye shughuli zake. Anayebaki na mgonjwa ni mama yake.

Kijana huyo nimembuni, lakini njia aliyopitia haikubuniwa. Kuacha dawa ghafla ni miongoni mwa sababu kuu za maradhi makubwa ya akili kurejea, na kila muuguzi wa kitengo cha afya ya akili anaijua njia hiyo hatua kwa hatua.

Sasa tuitazame hoja ya udanganyifu. Shirika la Kimataifa la Kupambana na Matumizi ya Dawa Zilizokatazwa Michezoni, WADA, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa orodha ya dawa zilizokatazwa, na orodha mpya huanza kutumika Januari 1 ya kila mwaka. Mwenye shaka na aisome. Hatakuta humo haloperidoli, klopromazini, olanzapini wala risperidoni. Hatakuta lithiamu, kabamazepini, amitriptilini wala fluoksetini. Dawa ambazo wagonjwa wetu wengi hupewa kwa skizofrenia, kwa baipola, kwa sonona na kwa wasiwasi uliopitiliza hazijakatazwa, na sababu yake ni ya wazi: hazimpi mshindani faida. Sisi tumezoea kuita dawa za udanganyifu "dawa za kusisimua misuli". Haloperidoli haisisimui msuli wa mtu. Kwa wengine huukaza ukawa kama ubao, hadi daktari aongeze dawa nyingine ya kuulegeza. Anayenyanyua kilo 150 akiwa na dawa hiyo mwilini hajaibia mtu ushindi. Ikiwa kuna upande uliopunjwa, ni wake.

Zipo dawa chache za akili zilizomo kwenye orodha, na uaminifu unataka zitajwe. Methilfenideti na jamii ya amfetamini, ambazo hutolewa kwa watu wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini, ni vichangamshi, na zimekatazwa wakati wa mashindano. Lakini hata kwa hizo kanuni haisemi "chagua". Kanuni inasema: omba kibali cha matumizi ya kitiba. Mwanamichezo huleta vyeti vya daktari kuthibitisha kwamba anaumwa kweli, kwamba dawa haimpandishi kupita hali ya kawaida ya afya yake, na kwamba hakuna tiba nyingine halali ya kufaa. Kwa kawaida maombi hupelekwa siku 30 au zaidi kabla ya mashindano. Ni utaratibu wa karatasi, wala si hukumu ya aibu.

Dunia imekwisha kuona jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi. Septemba 2016, wiki chache baada ya Simone Biles wa Marekani kutwaa medali nne za dhahabu za jimnastiki mjini Rio de Janeiro, wadukuzi waliojiita Fancy Bears waliingia katika hifadhi ya taarifa za WADA na kuanika faili lake la matibabu. Walitaraji kashfa. Walichokipata ni mwanamichezo aliyekuwa na kibali halali cha kutumia methilfenideti. Biles akajibu hadharani kwamba ana tatizo hilo la umakini, kwamba ametumia dawa tangu utotoni, na kwamba haoni cha kuonea haya. Hakunyang'anywa medali hata moja. Mwaka 2024 mjini Paris aliongeza dhahabu nyingine tatu. Aliyevunja kanuni katika kisa kile ni mwizi wa faili.

Au mtazame Raven Saunders, mtupa tufe wa Marekani, mtu wa nguvu kwa maana kamili ya neno hilo. Ameeleza wazi kwamba mwaka 2018 sonona ilimfikisha ukingoni mwa kujitoa uhai, akaomba msaada, akatibiwa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alishinda medali ya fedha. Kama angekuwa amezaliwa kwetu, nani angempa tufe mkononi baada ya kujua alikotoka?

Ninasema hivyo kwa sababu unafiki wetu katika jambo hili unatisha. Katika jimu hizohizo ambamo kijana wa haloperidoli anatazamwa kama mchawi, kuna wanaomeza deksamethasoni bila cheti cha daktari ili wanenepe na kujaza mwili, vidonge vilivyonunuliwa kwa rejareja dukani kama pipi. Deksamethasoni ikimezwa au kudungwa wakati wa mashindano imekatazwa. Kuna wanaochoma homoni za kukuza misuli ambazo zimekatazwa siku zote 365 za mwaka. Hao huitwa mabaunsa, hupigwa picha, huombwa ushauri. Dawa isiyo na cheti, yenye kuharibu ini na moyo, imekuwa sifa. Dawa yenye cheti, iliyoandikwa na daktari, imekuwa fedheha. Tumegeuza mambo juu chini, kisha tunajiita walinzi wa usafi wa michezo.

Hoja ya pili ni ya usalama. Hii ninaiheshimu zaidi, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Dawa hizi zina madhara, na chuma hakina huruma. Baadhi hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla. Aliyekuwa amechuchumaa na kilo 120 mabegani anaweza kuona giza. Klopromazini na nyingine za jamii yake huuvuruga mwili katika kujipoza, na dawa za kulegeza ukakamavu hupunguza jasho, hivyo mazoezi ya saa nane mchana ndani ya kibanda cha mabati yanaweza kumwangusha mtu. Lithiamu inataka maji na chumvi viwe sawa mwilini; mtu akikaukiwa na maji, kiwango chake katika damu hupanda hadi kuwa sumu. Dawa za maumivu zinazopendwa na wanamichezo, kama ibuprofeni na diklofenaki, huweza kukipandisha vilevile.

Yote haya ni kweli. Lakini ukweli huo unamtaka mwalimu afanye nini? Hautaki amfukuze mtu. Unamtaka ampangie mazoezi asubuhi au jioni, ahakikishe maji yapo, asimwachie chuma kizito bila msaidizi pembeni, apunguze uzito katika wiki ambazo daktari anabadilisha dozi, na amkataze kujikausha ili aingie katika daraja la chini la uzito. Hapa kuna jambo ambalo wakereketwa wa "usafi" hawalioni. Dawa za kuongeza mkojo, zinazotumiwa na baadhi ya wanyanyua vyuma kupunguza kilo kabla ya mizani, zimekatazwa na WADA wakati wote. Dawa hizohizo, hasa za jamii ya thayazaidi, zinaweza kumuua mtu anayetumia lithiamu. Kanuni ya michezo na cheti cha daktari, katika jambo hili, vinasema neno moja. Anayezitenganisha ni mwalimu asiyejua lolote kati ya hayo mawili.

Na je, kumfukuza mgonjwa kwenye chuma kunamlinda? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye maradhi makubwa ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na maradhi ya mwili yanayozuilika, ya moyo yakiwamo. Dawa kadhaa huongeza uzito na sukari. Mtu huyu, kuliko mtu mwingine yeyote mtaani, anahitaji mazoezi. Mwaka 2018 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa majaribio 33 yenye washiriki 1,877, ukaonyesha kwamba mazoezi ya kunyanyua na kusukuma uzito hupunguza dalili za sonona. Yaani tunamfungia mlango mtu ambaye chuma kingemsaidia, kwa kisingizio cha kumhurumia. Huruma ya namna hiyo ni ubaguzi uliovaa kanzu.

Wengine hunijibu kwamba mtu kama huyo na ashiriki michezo ya walemavu. Hawajui wanachosema. Michezo ya Paralimpiki inatambua aina 10 za ulemavu: nane za viungo, moja ya kuona na moja ya akili kwa maana ya uwezo mdogo wa kujifunza na kuelewa. Skizofrenia haimo, baipola haimo, sonona haimo. Kwa hiyo mgonjwa wa akili mwenye mwili mzima hana uwanja mwingine wa pembeni. Ana uwanja huuhuu mmoja wa watu wote. Akifukuzwa hapa, amefukuzwa kote.

Ndugu zangu watumishi wa umma, sheria mnaifahamu kuliko mimi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkataba huo unawahesabu pia watu wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na ibara yake ya 30 inataka washiriki michezo ya kawaida katika ngazi zote. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Basi yule aliyeona pakiti ndani ya begi la mwenzake na kuitangaza, na yule kiongozi wa timu aliyejadili dawa za mtumishi mbele ya wachezaji 20, wajiulize wamesimama upande gani wa sheria hizo. Kuvuta kamba si mzaha wa sikukuu. Ulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia mwaka 1900 hadi 1920, na leo katika SHIMIWI na Mei Mosi ni mchezo ambao ofisi nzima hujivunia. Haiwezekani ofisi ikajivunia mabega ya mtu na kuionea aibu pakiti yake.

Lugha yetu nayo ina hatia. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, imehudumia Watanzania tangu zama za utawala wa Waingereza. Sisi jina lake tumelifanya tusi. Mtu akikosea kidogo huulizwa kama ametoroka Mirembe. Kwa jirani zetu Waganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, neno mirembe maana yake ni amani. Mchezaji anayelisikia tusi hilo uwanjani kila siku ataficha vidonge vyake. Akivificha atashindwa kuvimeza kwa wakati wake. Akikosa kuvimeza ataugua. Mnyororo huo hauhitaji mchawi.

Na hapa nina neno la pekee kwa watu wa Kagera, kwa sababu wao hawana udhuru wa kutojua. Mkoa huu ndio uliotoa taarifa ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Bukoba na Muleba zilizika kizazi kizima. Wenye umri wangu wanakumbuka minong'ono, nyumba zilizopitwa mbali, vikombe vilivyotengwa, na watu waliokufa wakificha kilichowaua. Kisha, kuanzia mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bila malipo. Taratibu tukajifunza jambo ambalo mikoa mingine ililisoma vitabuni: kwamba mtu anayemeza dawa kila siku si maiti inayotembea. Analima kibanja chake, anafundisha, anavua, anacheza mpira. Leo hakuna mwalimu wa timu mwenye akili timamu Bukoba atakayemwambia mchezaji aache dawa za kufubaza virusi ili akimbie vizuri Jumamosi. Tungemwita muuaji. Kwa nini basi anayesema hivyohivyo kuhusu haloperidoli tunamwita mshauri?

Somo lile tulilipia kwa makaburi. Ni dhambi kulilipia mara ya pili.

Nini kifanyike? Mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti kubwa. Kwanza, Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, pamoja na vyama vya michezo vilivyo chini yake, litoe waraka mfupi wa Kiswahili kwa walimu wote wa michezo ya nguvu ukisema wazi: mwalimu hana mamlaka ya kusimamisha wala kupunguza dawa ya mchezaji yeyote. Pili, waandaaji wa SHIMIWI, wa Mei Mosi na wa michezo ya vyuo waeleze mapema, kwa lugha inayoeleweka, dawa zipi zinahitaji kibali na zipi hazihitaji, ili mchezaji asiijue kanuni kwa uvumi wa chumba cha kubadilishia nguo. Tatu, daktari na muuguzi wamuulize mgonjwa wao: unafanya kazi gani, unacheza mchezo gani? Mgonjwa asiyeulizwa hatasema, na dozi iliyopangwa bila kujua kwamba anashindana Jumamosi imepangiwa mtu mwingine. Ikiwa dawa inamlegeza kupita kiasi, ipo dozi nyingine, upo muda mwingine wa kumeza, ipo dawa nyingine. Lakini mabadiliko hayo hufanywa kliniki. Nne, mamlaka za afya zihakikishe dawa hizi zinapatikana karibu. Mtu wa kijijini Muleba anayelazimika kupanda gari kufuata vidonge mbali, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo, ameachishwa dawa na mfumo hata kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Kwenu wanafunzi wangu, ambao baadhi yenu mtakuwa maafisa michezo, waganga na wakuu wa idara, nina ombi dogo zaidi. Siku mtakayosikia mtu akimwambia mwenzake aache dawa ili awe mwanamume kweli, au mwanamke wa chuma kweli, msicheke wala msinyamaze. Mwulizeni: wewe ni daktari wake? Akisema hapana, mwambieni ashike upande wake wa kamba na avute.